Mwaka Nilipounga Mkono

Jumamosi iliyopita tulisherehekea siku ya kuzaliwa kwa tawi letu, kwenye ukumbi wa kukodi huko Katy, magharibi ya Houston, wenye zulia jipya na viyoyozi vya kumtia mtu mafua. Chama chetu ni cha manesi weusi. Kina matawi kote Amerika, na wanachama tunaitana Soror, yaani dada. Kulikuwa na pilau, chapati, mbuzi wa kuchoma na keki yenye rangi za chama. Niliketishwa meza ya mbele, meza ya wazee, maana nimeshapita hamsini na sina pa kujificha. Binti mmoja aliyeapishwa mwaka huu, mzaliwa wa hapa hapa, wazazi wake watu wa Nyeri, aliniletea sahani akainama sikioni mwangu. "Auntie, so ni nyinyi mli-start hii chapter? Like, mkitoka tu Kenya?" Nikamwambia hapana, ilikuwepo kabla yetu. "Oh. Sasa ni kina nani?" Kabla sijamjibu mchungaji akaanza kuombea chakula, na wachungaji wetu mnawajua. Alipofika amina pilau ilikuwa imepoa na yule binti ameshaenda kupiga picha. Ningeweza kumfuata. Nilibaki nikichokoa wali kwa uma.

Kina nani. Mtoto ameuliza kwa wema, wala hana kosa. Ukutani hapakuwa na picha hata moja ambayo ingemfanya aulize vingine. Picha ya zamani kuliko zote ni ya mwaka tulipohamia Katy, nami nimo, mwembamba, nimecheka meno yote nje. Kila nikiiona ile picha najionea aibu, kwa sababu najua waliokosekana, na najua waliikosa kwa ajili ya nini. Kwa hiyo nitamjibu hapa, ingawa wale ambao jibu ni wao wameshazikwa wote.

Mwaka nilipolikuta tawi nilikuwa na miaka ishirini na minane. Niliishi Alief, mtaa wa wahamiaji hapo Houston, na wasichana wengine wawili wa kwetu, magodoro matatu na kioo kimoja, na asubuhi tulikipigania kile kioo kama kiti cha ubunge. Kenya nilikuwa nesi kamili, lakini mtihani wa leseni ya huku ulikuwa umenitupa mara mbili, nami nikawa naogesha wakongwe katika nyumba ya kuwatunza. Mtu akishafeli mara mbili huanza kuogopa simu za nyumbani. Mpishi wa pale kazini ndiye aliyeniambia kuna mama mstaafu anayewafundisha manesi bure kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa la Kibaptisti kule Third Ward, mtaa wa zamani wa Wamarekani weusi. Wenzangu wa chumbani wakanionya. "Third Ward? Utaibiwa hiyo gari ukiwa ndani yake," mmoja akasema, naye hakuwa amekanyaga huko hata siku moja. Hiyo ndiyo elimu tuliyokuwa nayo juu ya watu hao. Tuliipata kwenye televisheni tukiwa Kenya, tukaipakia pamoja na nguo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa, na mpaka leo naweza kuutembea nikiwa nimefumba macho: kuta za kijani hafifu, viti vya chuma vya kukunjwa, harufu ya nta ya sakafuni na kahawa iliyochemka tangu alfajiri. Mbele alisimama Miss Odessa, mwanamke mrefu, sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye, miwani ikining'inia kwa mnyororo kifuani. Alizungumza Kiingereza cha Texas kinachovutwa polepole. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yanavyonijia. "Usinisomee kitabu," aliniambia siku ya kwanza. "Mgonjwa yuko mbele yako anatweta, midomo imebadilika rangi. Unafanya nini kwanza?" Nikasema nampigia daktari simu. "Umeshamuua," akasema. "Mwinue akae, mtoto. Halafu upige simu zako." Darasa zima likacheka, nami nikacheka, na tangu siku ile sikuogopa tena ule mtihani. Niliupita mara ya tatu. Nilipomletea habari alinishika mashavu kwa mikono miwili akaniambia sasa niko tayari kufanya kazi ya kweli, akanipeleka kuapishwa kwenye tawi.

Walikuwa kumi na mmoja, wote wamestaafu au wamekaribia, na mimi nikawa mtoto wao. Jumapili baada ya ibada nilikula kwa Miss Odessa. Alipika sukuma yenye majani mapana, akaichemsha asubuhi nzima na shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, na mkate wa mahindi pembeni. Nilimwambia kwetu sukuma ni ya dakika tano, na ugali ni huu mkate wake ukiwa haujaharibiwa na sukari. Alicheka mpaka akavua miwani. Jikoni kwake ndiko nilikosikia kwamba tawi lilizaliwa kwenye meza kama ile. Hospitali ziliwafanyisha kazi kwenye wodi za watu weusi, huko chini karibu na chumba cha kufulia, na manesi weupe walikuwa na umoja wao usiowapokea. Basi wenyewe wakakusanyika, wakanunuliana vitabu, wakapima watu presha kwa vinyozi na makanisani, na kila binti wa mtaani aliyeingia chuo cha unesi wakamnunulia viatu vyeupe na saa yenye mshale wa sekunde. "Hatukuwa na chama kwa ajili ya fahari," alisema. "Tulikuwa na chama ili mtu akitoka zamu analia, awe na mlango wa kubisha."

Mwezi wa pili nilimwendesha mpaka Dallas kwenye mkutano wa matawi ya jimbo. Alipanda garini na kisanduku cha viatu mapajani. Ndani mlikuwa na kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na vipande vya keki ya siagi, vyote katika karatasi. Nikamwambia njia nzima ina mikahawa. "Najua," akasema. "Zamani ilikuwepo pia. Haikuwa yetu." Tulikula kuku huku magari makubwa yakitupita, naye akanisimulia safari walizofanya wakiwa wasichana, jinsi walivyojua kila jamaa mwenye choo kati ya Houston na Dallas. Dallas yenyewe haikutupokea kwa habari njema. Viongozi walisema tawi lenye watu wachache kama letu lisipopata wanachama wapya litafungwa, na waliobaki wataunganishwa na tawi jingine. Wakati wa kurudi Miss Odessa alifunga kile kisanduku kitupu cha viatu. Kisha akasema, "Manesi wa kwenu wako wangapi hapa Houston?" Nikamwambia hawahesabiki. "Basi niletee dada zako, Kerubo. Sitaki kufa baada ya tawi langu."

Ndivyo alivyosema, na nimejiegemeza kwenye maneno hayo miaka yote: aliniomba mwenyewe. Nikaanza na Esther, mtu wa Nakuru, nesi wa chumba cha wagonjwa mahututi, ambaye hata akinong'ona husikika kwa jirani. Alikuwa ndiyo kwanza amehamia Katy, nyumba mpya ya matofali, na kwake ndiko tulikokutana kula sikukuu. "Kerubo, be serious," alisema akigeuza chapati. "Hao wamama watatutaka wa nini? Wao huona tumekuja kuwachukulia kazi." Nikamwambia aje mara moja tu, aone. Akaja, Miss Odessa akamuuliza maswali matatu juu ya mashine ya kupumulia wagonjwa, Esther akajibu yote, na walipomaliza walikuwa wameshikana mikono kama watu waliosoma darasa moja. Njiani Esther akaniambia, "Huyo mama ni moto. Nitaleta watu." Akawaleta. Walikuja Wakikuyu, Wakisii, Waluo, mama mmoja wa Mombasa aliyetoka mtaa wa Gulfton na sambusa za nyama, Watanzania wawili, Mkongo mmoja. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Esther alisema tukipanga viti vya nyongeza, na hakuna aliyebisha, kwa sababu tawi lilipona kweli.

Ile miezi ilikuwa ya furaha, nisidanganye. Kahawa ilipata mwenzake, sufuria ya chai ya maziwa na tangawizi. Saladi ya viazi ya Soror Loretta, rafiki mkubwa wa Miss Odessa, ilikaa jirani na maharagwe ya nazi. Na kwa kuwa tulitoka makabila tofauti, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kikaanza kunyemelea mkutano: kwanza mzaha mmoja, kisha maelezo kidogo, mwishowe nusu saa nzima. Wale wamama walikaa upande wao wakitabasamu kila tulipocheka, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayefuata nyimbo za kanisa asilolijua. Nilimwona Soror Loretta akimgusa Miss Odessa na kumuuliza kitu. Naye akajibu, "Sijui, lakini napenda kelele. Ukumbi huu haujawahi kuwa na kelele tangu tulipokuwa vijana." Nikajiambia kama yeye anapenda, mimi ni nani. Leo nikikumbuka lile tabasamu la kuchelewa najiuliza ingenigharimu nini kuinama na kutafsiri.

Halafu kulikuwa na jambo la kuitana. Sisi hatumwiti mama wa umri ule kwa jina. Kwa hiyo siku moja alipoinuka kuosha vikombe, Esther akampokonya kitambaa kwa upole wote duniani: "Auntie Odessa, keti tu, sisi tuko." Wengine wakaitikia, auntie, auntie, keti. Nilimwona uso wake ukifungwa. Baadaye jikoni aliniambia, bila hasira, kwamba akiwa nesi kijana wagonjwa weupe na madaktari waliwaita manesi weupe kwa Miss na jina la ukoo, na yeye, kwenye sare ile ile, walimwita Auntie, kama walivyomwita mpishi na mfuaji. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya tawi, kabla ya nyingine zote, ilikuwa kila mtu aitwe kwa heshima yake. "Najua wenzako wanasema kwa upendo," akasema. "Akili yangu inajua. Masikio yangu hayajui. Waambie wewe, kwa lugha yenu, wasione haya." Nikamuahidi nitawaambia Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo ikaja na chapati na vicheko na mtoto wa mtu aliyefaulu shule, na mimi nikaona nitaharibu mambo. Wakaendelea kumwita hivyo mwaka mzima. Kila walipomwita alinitazama, halafu akaacha kunitazama, na hilo la pili ndilo lililoniuma.

Mwisho wa mwaka ulikuwa wa uchaguzi. Miss Odessa mwenyewe alikuwa amesema amechoka kushika uenyekiti, tukamchagua Esther, na Miss Odessa akapiga makofi kuliko wote. Hapo hapo, kabla ya kukabidhi kiti, alikuwa na mkutano wa mwisho wa kuongoza. Wale wamama waliongoza mkutano kwa kanuni kali kushinda bunge: mtu hutoa hoja, mwingine huiunga mkono, ndipo inajadiliwa. Isipoungwa mkono, imekufa, na hakuna anayeruhusiwa kuililia. Nilikuwa nimeshaona hoja mbili tatu zikifa hivyo. Mtu alisimama akapendekeza tubadilishe sare, kukawa kimya, Miss Odessa akasema, "Hoja imekosa wa kuiunga," na keki ikakatwa. Kwangu ulikuwa ukatili. Sisi tumekulia kwenye vikao ambako mtu hatoi pendekezo likabaki likining'inia. Hata kama hulipendi utaliunga mkono kwanza, ndiyo adabu, halafu mtalizungusha maneno mpaka life lenyewe kwa uzee.

Esther akasimama. Akatoa hoja kwamba mikutano ihamie Katy, kwenye ukumbi wa kanisa lake, kwa kuwa wengi wetu sasa tunaishi magharibi, maegesho ni makubwa na watoto wana mahali pa kuchezea. Yote yalikuwa kweli. Akabaki amesimama. Wamama wa Third Ward waliangalia mikono yao. Sisi wengine, hata waliokuwa wamelizungumza jambo hilo na Esther kwenye simu, tuliangalia sakafu, kwa sababu yule mwanamke mrefu mwenye sare nyeupe alikuwa ameketi mbele yetu na kila mmoja wetu alijua hataweza kuendesha gari ile njia kuu mpaka Katy na macho yale yaliyoanza kufifia. Kimya kikarefuka. Mashine ya barafu jikoni ikadondosha barafu. Esther akaanza kuona haya. Shingo yake ikaota jasho, akanitazama mimi, mimi niliyemleta, na nikashindwa kuvumilia kumwona rafiki yangu amesimamishwa hewani mbele za watu. Nikainua mkono. "Naunga mkono," nikasema.

Miss Odessa akasema kwa sauti yake ya kawaida ya mwenyekiti, "Hoja imetolewa na kuungwa mkono. Tujadili." Hakuna aliyejadili sana. Ilipopigiwa kura, mikono ya wengi ilipanda, na kura za wale kumi na mmoja hazikutosha kitu. Baadaye nilimkuta jikoni anaosha vikombe, na safari hii hakuna aliyempokonya kitambaa. "Kwa nini uliunga mkono?" akauliza. Nikamwambia sikuitaka ile hoja hata kidogo, nilimwonea Esther huruma tu, kwetu hatumwachi mtu hivyo. Alisuuza kikombe, akakifuta, akakiweka na wenzake. "Sisi tulikuwa tumeshapiga kura, mtoto," akasema. "Sote, na wenzako pia. Kile kimya ndicho kilichokuwa kura yetu." Nikachukua kitambaa kingine nikaanza kufuta vikombe vilivyokuwa vimeshakauka.

Nilimuahidi kumpitia kwa gari kila mkutano, na miezi miwili ya kwanza nilimpitia. Alikaa Katy mstari wa mbele na mkoba wake mapajani, akipewa sahani ya kwanza na kuitwa auntie. Mwezi wa tatu nilipata zamu ya ziada, nikampigia, akasema kazi ni kazi. Mwezi wa nne sikupiga. Wenzake walishaacha kuja, mmoja mmoja, bila ugomvi, na kwenye mikutano tukawa tunasema "wazee wamechoka" kwa sauti ya huruma iliyotuosha mikono. Hakuna aliyewafukuza. Hilo ndilo linalonifanya nisiwe na hata mtu wa kumlaumu.

Kisha Esther akakumbuka birika. Lilikuwa birika kubwa la umeme la kahawa, mali ya tawi, na lilikuwa limebaki kule ukumbi wa zamani. "Si upitie tu Saturday ukija," akaniambia kwenye simu. "Mali ya chapter ni mali ya chapter." Nikapita Third Ward asubuhi, nikiamini ukumbi utakuwa mtupu, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Birika lilikuwa mahali pake, tupu na limefutwa. Nilikuwa nimelikumbatia kifuani natafuta namna ya kufungua mlango kwa kiwiko niliposikia sauti ukumbini. Nikasogea mpaka kizingitini.

Walikuwa wanne, kwenye viti vya chuma vilivyopangwa mduara, sare nyeupe, soksi nyeupe, Miss Odessa amesimama. Walikuwa hawajawahi kuacha. Tawi lilikuwa limehamia Katy na wao walikuwa wakikutana kama kawaida, siku ile ile, saa ile ile, na mkutano wao ulianza ulivyoanza siku zote, kwa mwenyekiti kuita majina ya wanachama wote. Sisi Katy tulikuwa tumeliondoa jambo hilo, lilikula muda. Aliyepo huitikia nipo. Asiyekuwepo, mwenzake humsemea kwamba ana udhuru, ili isiandikwe kwamba ametoroka. Miss Odessa alikuwa akiita bila karatasi, na alikuwa akituita sisi. "Soror Esther," akasema, na Soror Loretta akajibu, "Ana udhuru." Aliwaita Wakikuyu na Wakisii na Waluo, aliwaita Watanzania wawili na yule Mkongo, majina marefu ya kwetu yaliyowashinda madaktari, akiyatamka taratibu na kwa usahihi, kila moja na heshima yake mbele. Ana udhuru. Ana udhuru. Ana udhuru.

"Soror Kerubo," akaita.

Hapo ndipo aliponiona. Nilikuwa mlangoni na birika lao mikononi, simu ikinitetemeka mfukoni, na jibu lilikuwa neno moja. Soror Loretta naye aligeuka, akaliona birika, akaniona uso, na nadhani alitaka kunisaidia. "Ana udhuru," akasema. Miss Odessa alinitazama juu ya miwani, akangoja kidogo, kisha akaita jina lililofuata.